Kwenda Mbagala Kuchora Chungu cha Mama

Niliondoka Goba kwa sababu dada yangu alikuwa anapofuka, na kabla macho hayajazima kabisa alitaka aone chungu.

Dada Mwajuma amenizidi miaka kumi. Sukari ilimla mguu mmoja kwanza, kisha ikahamia machoni. Tangu nilipostaafu ualimu tunaishi wote, yeye katika chumba cha mbele kinachotazama mteremko. Masika yalipoanza aliniita, akaniambia jicho la kulia limeshakufa, na la kushoto linaona kwa shida, tena akiwa karibu na dirisha. Nilidhani anataka nimpeleke hospitali. Akasema huko ameshakwenda vya kutosha.

"Asha, wewe si unachoraga vyungu," alisema. "Umechora mpaka mitungi ya watu usiowajua. Nenda Mbagala ukanichoree chungu cha mama."

Maneno yale yalinichoma, maana ni kweli. Kazi yangu ya uzeeni ni kuchora vyombo vya udongo kwa rangi za maji. Vyungu, mitungi, vyetezo vya kufukizia ubani, vikaango vilivyomeguka mdomo. Naviazima kwa majirani, navichora, navirudisha, na majirani wanaamini pensheni imenivuruga akili. Sipendi chombo kipya. Napenda kilichopika, chenye masizi na mafuta yaliyokaukia, kwa sababu masizi ya chungu hayafanani na ya kingine. Lakini mama yetu mzazi alikuwa mfinyanzi, alitulisha kwa vyungu, na cha kwake sikuwahi kukichora hata kimoja.

Katika vyote alivyofinyanga kilikuwa kimebaki kimoja tu, chungu cha mchuzi, na kilikuwa kwa wifi yetu Tatu, mjane wa kaka Saidi. Nilimuuliza dada kwa nini tusimwombe wifi akilete Goba.

"Kwa uso gani?" aliniuliza. "Tatu ndo kamuuguza mama mpaka dakika ya mwisho. Chungu chake yule. Mie niletee sura yake tu, yale masizi na ile mistari aliyochora kwa kombe la pwani mabegani. Nikiiona mara moja inanitosha."

Nilimpigia wifi simu nikamwambia Jumamosi nakuja kukichora chungu cha mama. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Karibu sana wifi," alisema. "Nitakiandaa." Neno hilo lilinipita, nikakata simu.

Jumamosi saa moja asubuhi, Goba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia yetu ilikuwa imegeuka mfereji. Nilifunga ubao wangu, karatasi nne nene, brashi tatu na kiboksi cha rangi ndani ya nailoni mbili, kwa kuwa karatasi ya rangi za maji ikilowa njiani ni ya kufungia vitumbua. Dada aliomba nimsogeze dirishani anipungie mkono. Nilipofika kwenye bajaji niligeuka, nikamwona bado anapunga, lakini kuelekea mlangoni, mahali nilipokuwa nimeshatoka.

Saa mbili na nusu, Mbezi. Niliingia kwenye basi la mwendokasi, nikapata kiti upande wa dirisha. Mchoraji mzee akikaa dirishani hatulii, anachanganya rangi kichwani. Mbingu ya siku ile ilikuwa nyepesi kuchanganya, bluu kidogo na kahawia kidogo na maji mengi. Kutoka Kimara mpaka mjini sikuona kitu chenye rangi safi isipokuwa miavuli. Nilimuwaza mama, nikajaribu kumwona akipika, nikamwona mgongo wake tu, na sikuhangaika kujiuliza kwa nini.

Saa nne na robo, Barabara ya Kilwa. Nilikuwa nimebadilisha basi mjini na sasa tulikuwa tunaingia Mbagala. Kabla ya kituo cha mwisho, kando ya barabara, muuza maua alikuwa amepanga vyungu vyake mbele ya miche, vyote vimepakwa rangi za mafuta. Kimoja fedha, kimoja dhahabu, kimoja bluu ya mlango wa bafu. Nilivicheka moyoni. Nilijiona mjuzi, mtu anayefahamu kwamba udongo hauhitaji kuvalishwa nguo za harusi.

Saa tano asubuhi, kwa wifi Tatu. Nyumba yake ipo ndani kidogo, mwisho wa uchochoro unaoteremkia bonde ambalo mama alikuwa akichimba udongo. Wifi ni mtu wa Lindi, mfupi, mwembamba, na umri wake ni wa dada yangu. Nilimwamkia, akaitika, akanivua viatu vyenye tope kwa mikono yake kabla sijamzuia. Akanipa chai na mihogo ya kuchemsha. Tulizungumza habari za mguu wa dada, na alipouliza kuhusu macho nilimwambia ukweli. Akasema, "Basi bora nimekiandaa vizuri, kimulike."

Aliingia chumbani akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kanga mpya. Akakiweka mkekani mbele yangu, akafungua fundo taratibu.

Chungu cha mama kilikuwa kimepakwa dhahabu.

Kuanzia mdomo mpaka kitako, ndani na nje, rangi nzito ya mafuta inayonata kidogo kwa unyevu wa masika. Mistari ya kombe na kila palipomeguka vilikuwa vimezibwa. Niliona sura yangu imejikunja kwenye tumbo lake.

"Nilikisugua kwanza," wifi alisema, bado anatabasamu. "Siku mbili, kwa mchanga na majivu, mpaka masizi yote yakatoka. Kisha nikampelekea yule muuza maua wa barabarani. Mtu anakuja kuchukua picha ya chungu cha mama mkwe wangu, nitamwachaje mama na masizi?"

Niliukwaruza mdomo wa chungu kwa ukucha. Chini ya dhahabu palikuwa na udongo mtupu, msafi, kama uliotoka kuchomwa jana. Hapakuwa na kitu cha kuokoa.

"Wifi," nilisema, "umekiua."

Najuta kusema vile. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, ile ya kumrudishia mtoto daftari. Tabasamu la wifi lilikwenda, na mahali pake hapakuja kitu. Alikusanya vikombe vya chai ingawa changu kilikuwa bado kimejaa.

"Mie sikujua kama nyie mnataka uchafu," alisema. "Nyumbani kwetu mtu akienda kupiga picha anaoga."

Akatoka uani. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Mimi ndiye niliyetumia maisha yangu kuchora masizi, na katika simu nzima sikumwambia kwamba masizi ndiyo ninayoyafuata.

Saa sita mchana, bado kwa wifi. Nilijiambia kwamba si neno, mchoraji ana kumbukumbu. Nikabandika karatasi kwenye ubao, nikachukua penseli, nikafumba macho nimwone mama jikoni na chungu chake. Mgongo ukaja tena, na chungu kikaja kama kivuli. Mistari ya kombe ilikuwa mmoja au miwili? Masizi yaliishia wapi? Mdomo ulikuwa mzima? Naweza kukuambia chetezo cha jirani yangu kimemeguka upande gani, na mtungi wa muuza maji niliyemwona mara moja una doa gani shingoni. Cha mama sikukijua. Nilikuwa nimekula humo utoto wangu wote na sikuwahi kukitazama. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu niwe mtu mzima, na nikalia kidogo, wifi asisikie.

Alisikia. Alirudi akifuta mikono kwenye kanga, akakaa mkekani, akakipakata kile chungu cha dhahabu.

"Chora," alisema. "Mie nitakwambia."

Akafumba macho akaanza kukipapasa, polepole, kama anayemtafuta mtoto chawa. Mistari ya kombe ni miwili, alisema, wa chini umepinda hapa, mama alipiga chafya. Masizi yanapanda mpaka mabegani, isipokuwa upande huu kuna doa jekundu, kiliegemeana na chungu kingine siku ya kuchomwa. Mdomoni hapa pamemeguka, kaka yenu alikigonga kwa upawa akigombania mabaki ya mchuzi. Nilichora kwa penseli kila aliposema. Nilipokosea alifumbua macho kidogo akaniambia sogeza, kisha akayafumba tena.

Kisha kidole chake kikateremka kutoka mdomoni mpaka tumboni kwa mstari mmoja.

"Hapa kuna ufa. Mama alianguka nacho jikoni, ule mwaka wa mwisho. Mie niliuziba kwa saruji, ukabaki mweupe hivi."

"Ufa huo sikuwahi kuuona," nilisema.

"Utauonea wapi? Ulikuwaga unakuja Idi unakaa sebuleni."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kupapasa. Pande mbili za tumbo la chungu aliweka viganja vyake, akaviacha pale.

"Na hapa masizi yamefutika. Huku na huku. Mama alivyoishiwa nguvu alikuwa anasikia baridi, hata kiangazi. Nikishapakua, nakiacha kipoe kidogo, nampa. Anakikumbatia mpaka joto liishe. Kila siku. Miaka miwili, wifi. Kanga zake zote zilikuwa nyeusi kifuani."

Niliweka penseli chini. Nilizikumbuka kanga zile. Siku za msiba tulizigawa, na mimi nilizikataa zangu kwa sababu zilikuwa na madoa yasiyotoka.

Saa tisa alasiri, bondeni. Mvua ilipungua na wifi akasema kama nataka rangi yenyewe ya chungu, basi rangi ipo. Tuliteremka uchochoro. Bonde la mama sasa limejaa nyumba, nyingi hazijaisha, na maji yamesimama kati yake yakiwa na povu. Jirani mmoja alikuwa anachimba msingi. Wifi aliomba ruhusa, akainama kwenye mtaro, akafinya udongo hapa na pale mpaka akapata wa kijivu unaonata, akakata donge la ukubwa wa ngumi.

Tulirudi akalikanda, akatoa vijiwe, akalipiga bapa, akalikausha ukingoni mwa jiko la mkaa na kisha akalifukia katikati ya makaa. Alijua kila hatua. Nilimuuliza amejifunzia wapi.

"Kwa mama. Nyie alikuwa hawafundishi, alisema wanangu wanasoma."

"Mbona hufinyangi?"

"Alipotutoka, nikaona nimfinyangie nani." Akageuza donge kwa koleo. "Watu wana masufuria."

Donge lilitoka jekundu, limepasuka vipande viwili. Tulilitwanga kwenye kinu kidogo cha kitunguu saumu mpaka likawa unga.

Jumapili, baada ya kifungua kinywa, bado kwa wifi. Nilichora uani chini ya bati, wifi pembeni yangu, chungu cha dhahabu mbele yetu kwa ajili ya umbo tu. Rangi za maji hazina huruma na mtu mwenye haraka. Mwanga wote ni karatasi yenyewe, na ukishaipaka huwezi kuirudisha, kwa hiyo unaanza na vyepesi na masizi yanakuja mwisho. Rangi yangu ya udongo kutoka kwenye kiboksi niliiacha. Nilichovya brashi kwenye unga wa donge letu uliokorogwa kwa maji, jambo ambalo mwanafunzi wangu angelifanya ningemwita mbele ya darasa, kwa maana unga usio na gundi haushiki karatasi.

Karatasi ya kwanza iliharibika kwa tone la mvua. Ya pili niliiharibu mwenyewe, nilipaka masizi kabla udongo haujakauka yakaogelea. Ya tatu wifi aliitazama akasema, "Hiki kizuri ila si chenyewe." Ikabaki moja. Hewa ilikuwa nzito kwa maji na karatasi haikauki, kwa hiyo wifi aliishika juu ya jiko, mbali kidogo, akiizungusha kama mtu anayechoma chapati. Masizi niliyachanganya kwa bluu iliyokolea na kahawia. Pale penye viganja vya mama sikupaka masizi kabisa. Niliacha udongo peke yake.

Nilipomaliza, wifi alitazama muda mrefu.

"Ndo chenyewe," alisema.

Kisha akakichukua kile cha dhahabu akakigeuza mdomo chini, karibu na ndoo. "Mie ndo sina tena," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda kunitafutia maboksi ya kufungia picha. Nilitaka kumwambia pole. Nilitaka kuomba radhi kwa neno nililomtupia jana. Nilisema asante kwa mihogo.

Jumapili saa kumi jioni, Goba. Barabarani sina la kusimulia, nilikaa na boksi mapajani na sikutazama nje. Dada alikuwa dirishani. Sijui kama alikuwa ameondoka pale tangu jana. Hakuuliza habari za njiani, aliniambia nifungue haraka kabla mwanga haujaondoka.

Nilikuwa nimepanga kutomwambia kuhusu dhahabu, na mpaka leo sijamwambia. Niliishika picha karibu na jicho la kushoto, akawa anaisogeza yeye mwenyewe, kipande kwa kipande.

"Weusi nauona," alisema. "Mistari naiona. Miwili. Alhamdulillahi." Uso wake ulilegea, na kwa muda kidogo nilidhani safari yangu imefanikiwa. Kisha akaisimamisha mahali. "Hapa mbona hujapaka? Umesahau?"

"Sikusahau."

"Na huu mstari mweupe?"

Nilimweleza, kama wifi alivyonieleza. Mama kuanguka jikoni. Saruji. Baridi ya mama, chungu kifuani, kanga nyeusi. Dada alisikiliza bila kuisogeza picha. Alikuwa ameniagiza chungu cha utotoni, kile kilichotulisha, na nilikuwa nimemletea kile ambacho mama alifia nacho.

"Miaka miwili," alisema.

"Miwili."

"Mie nilikuwa wapi?"

"Tanga, kwa shemeji. Na mimi nilikuwa hapa Goba."

Aliweka viganja vyake juu ya karatasi, huku na huku, pale nilipoacha udongo. Sikumzuia, ingawa nilijua utatoka. Alipoviinua vilikuwa vyekundu. Akavinusa. Alivinusa kwa muda, na mimi nikatazama mteremko kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

"Tatu kabaki na chungu?" aliuliza.

Nilifikiri kudanganya. "Kilikuwa kimeharibika," nilisema. "Hana tena."

"Basi hiki chake. Funga, tukakirudishe. Na mie unipeleke."

"Dada, ni mbali. Na mguu huu, na mvua hii."

"Ni mwendo wa saa ngapi?"

Nimechora vyungu vya watu wengi, na nilidhani safari hii itanifunza kitu kuhusu rangi. Kilichobaki mkononi mwangu ni hesabu ya njia. Niliondoka Jumamosi saa moja nikiwa na mzigo, mvua inanyesha, nikabadilisha gari mjini, na saa tano nilikuwa mlangoni kwa wifi ananivua viatu.

"Saa nne tu," nilimwambia.

Dada alirudia neno hilo mara moja, kisha akaniomba maji ya kunawa mikono. Nilipoyaleta, akakataa kunawa.